Nani Amefiwa Hapa?

Siku ritongo, mkutano wa kijiji chote, lilipoitwa kwenye uwanja wa josho, Mogesi aliwapita wanawake wenzake waliokaa upande wa chini, akaenda kuketi kwa wanaume. Alibeba kigoda chake mwenyewe. Vijana wakacheka. Mzee mmoja akamwuliza kama amepotea njia.

"Sijapotea," alisema. "Mmesema leo mnahesabu miji. Mimi nina mji. Au zamu ya kulisha sungusungu ilipofika kwangu mlikula mmefumba macho?"

Wakasogea kidogo, akapata nafasi.

Mji wake ulikuwa wa marehemu mumewe, Kisyeri, aliyefariki mwaka 1965 akamwachia mabinti wawili bila mtoto wa kiume. Mabinti walipoolewa, Mogesi hakuwagusa ng'ombe wa mahari yao. Aliwaswaga mpaka Nyansurura, kwao alikozaliwa, akaoa. Alimwoa Lilian, binti wa miaka kumi na minane, ili nyumba ya Kisyeri isizimike. Hapakuwa na wa kushangaa. Ndivyo Wakurya wafanyavyo mama akikosa mwana, na nyumba ya namna hiyo huitwa nyumba ntobhu. Mtoto anayezaliwa ni wa mji uliotoa ng'ombe. Mwanamume anayeingia kwa mke huyo huja akaondoka, hana dai, hana neno, hata mtoto akifanana naye mpaka kwenye kucha.

Joel, mtoto aliyezaliwa na Lilian, alifanana na Wangwe wa mji wa jirani mpaka kwenye kucha. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema, maana hapakuwa na la kusema. Joel alikuwa mwana wa Kisyeri. Ndiye aliyechunga ng'ombe wa Kisyeri, ndiye aliyeziba paa la Kisyeri, na baada ya mavuno ya mwaka ule, 1992, ng'ombe kumi wangetoka zizini kwenda kumletea mke. Mogesi alikuwa ameshawachagua. Jioni alipita kati yao akiwagusa migongo mmoja mmoja.

Lakini mwaka ule dhahabu ilikuwa imewapanda watu kichwani. Kilima walichochungia mbuzi kilitobolewa kama chujio. Walikuja watu kutoka Geita, kutoka Kahama, kutoka ng'ambo ya mpaka, wakalala chini ya maturubai. Mwalimu wa hesabu aliacha chaki akashuka shimoni. Mashimo yenyewe waliyaita maduara, na Wangwe alikuwa na maduara matatu pamoja na karasha la kusagia mawe, lililonguruma toka asubuhi hadi jua linazama, mpaka kuku wa kijiji wakasahau kushtuka.

Wangwe ndiye aliyesimama kwanza pale joshoni. Alikuwa mwenyekiti wa sungusungu, mtu mnene mwenye sauti ya kushuka taratibu.

"Sungusungu tunao arobaini," alisema. "Arobaini walitosha tulipolinda ng'ombe. Leo mwizi haji kwa ng'ombe, anakuja kwa mlima, na anakuja na bunduki. Nataka vijana mia mbili. Na si kwa hiari tena. Hiari imetushinda. Kila mji wenye wana wawili au zaidi utoe mmoja, akae mlimani miaka miwili. Atakayekataa atengwe. Asipewe moto wala maji, na akifiwa azike peke yake."

Mnong'ono ukapita. Wangwe akainua mkono.

"Mji wenye mwana mmoja hauguswi. Sisi si wanyama."

Mseti akasimama. Alikuwa amepigana vita vya Kagera na kurudi na mguu mmoja unaoburuta. "Mzee Wangwe, shikamoo."

"Marahaba."

"Naomba kuuliza kama mjinga. Huo mlima ni wa nani?"

"Ni wetu sote. Ni wa kijiji."

"Na maduara?"

Watu wakaanza kucheka kabla jibu halijatoka.

"Maduara yana wenyewe," Wangwe alisema.

"Basi wenyewe wakayalinde!"

Uwanja ukapasuka kwa kelele. Kutoka upande wa chini mwanamke akapaza sauti: "Na mtama atalima nani? Karasha?"

Wangwe alingoja kelele zipungue. "Mseti, wewe serikali ilikulisha Uganda ukanenepa, ukarudi na redio ya watu begani. Leo vita vimekuwa vibaya?"

"Redio niliinunua!"

"Uliinunua kwa nani, na duka limefungwa?"

Kicheko kikahamia upande wa pili, na Mseti mwenyewe alicheka kidogo. Kisha akaacha. "Nilikwenda Uganda kwa sababu mtu alivuka mpaka akakaa kwenye ardhi yetu. Sikwenda kulinda shimo la mtu. Na hata hivyo, mimi bado naota. Mnataka kumpa kijana wa miaka kumi na minane upinde akazuie bunduki. Mmewahi kuona risasi inavyomfanya mtu? Mimi nimeona. Jeshi likishakuwa kubwa, wazee wangu, halikai bure. Litatafuta wa kupigana naye."

Kijana mmoja mwenye shati jekundu akaruka juu. "Mimi niko tayari hata leo! Tumechoka kuibiwa kama kuku!" Wenzake wakampigia makofi. Mzee mwingine akasema mpaka lini watawalilia polisi wanaofika siku ya pili. Mwingine akasema baba yake alikwenda vita vya Mwingereza akarudi na koti. Maneno yakarushwa huku na huku mpaka jua likawa utosini. Mogesi alikuwa anangoja mahali pake.

Hatimaye akasimama. "Kama sheria hii ni nzuri au mbaya, sijui. Mimi nataka kusikia neno moja tena. Mji wa mwana mmoja?"

"Hauguswi, mama," Wangwe alisema.

"Tomaso, andika."

Tomaso, katibu wa sungusungu, akaandika kwenye daftari lake la jalada gumu. Mogesi aliangalia kalamu ikienda, ingawa hakujua kusoma. Na waliposema wanaokubali wanyooshe mikono, Mogesi akanyoosha. Mseti alimtazama. Yeye akatazama mbele. Mwana wake alikuwa salama. Wana wa wengine walikuwa na mama zao.

Mkono ule alikuja kuukumbuka.

Siku nne baadaye majina yalisomwa palepale. Tomaso alisoma kama anayesoma matangazo ya kanisani, mji baada ya mji. Alipofika kwa Wangwe alikohoa.

"Mji wa Wangwe. Wana wanne. Anatoa Joel."

Mogesi alidhani ni Joel mwingine. Ndipo watu wakaanza kumgeukia.

"Wangwe ana wana watatu," alisema kwa nguvu. "Nimewapokea wote watatu kwa mikono yangu walipozaliwa. Huyo wa nne amezaliwa lini?"

Tomaso hakuinua uso. "Tulikubaliana tufuate maandishi, mama, watu wasije wakaficha watoto. Cheti cha ubatizo kinasema Joel Wangwe. Shuleni pia, Joel Wangwe."

Hapo Mogesi akakaa.

Ilikuwa kweli. Lilian alipompeleka mtoto kubatizwa, katekista aliuliza jina la baba. Wakasema Kisyeri. Katekista akauliza yuko wapi. Wakasema alifariki miaka tisa iliyopita. Katekista aliweka kalamu chini. Maiti hazai, alisema, na mwanamke haoi mwanamke. Aletwe baba mwenye pumzi au mtoto arudi nyumbani. Lilian alitaka warudi. "Mama, tungoje," alisema, "jina la watu ni jina la watu." Ni Mogesi aliyekataa kungoja. Mtoto alikuwa anaharisha, na aliogopa afe bila maji ya Mungu. "Mwandike Wangwe," alimwambia katekista. Na njiani, Lilian alipokuwa amenuna, akamwambia, "Karatasi haichungi ng'ombe, mwanangu. Mtoto ni wetu." Shule ilinakili kutoka kanisani, na miaka kumi na minane hakuna aliyekifungua cheti kile.

Alitoka joshoni akaenda moja kwa moja kwa Wangwe, Lilian akimfuata nyuma. Wangwe alikuwa ameketi nje akila.

"Karibuni chakula," alisema.

"Sili kwa mwizi."

Wangwe akanawa mikono polepole. "Mama Mogesi, kijana ni damu yangu. Nani asiyejua?"

"Damu yako! Alipougua surua damu yako ilikuwa wapi? Alipotahiriwa, nani alisimama naye? Ulikuja kwangu kwa ruhusa yangu, Wangwe, kama dume la kuazimwa. Nani amewahi kuona dume la kuazima likirudi kudai ndama?"

Wake wawili wa Wangwe waliokuwa mlangoni wakaingia ndani. Lilian aliwatazama wana watatu wa Wangwe waliokuwa wakifunga mzigo kwenye baiskeli, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakaacha kufunga.

"Hata hivyo," Wangwe alisema, "si mimi niliyemwandika. Ni wewe."

Wazee wa ritongo walimsikiliza Mogesi siku mbili. Kimila, walisema, ana haki. Lakini kimaandishi mambo yalikuwa magumu, na wakifungua mlango kwa mmoja wote watapita. Mwenyekiti wao aliongea huku akitazama viatu vyake, viatu vipya. Mseti peke yake aligonga fimbo chini akawaita wachuuzi wa watoto. Wakamtoa nje.

Joel ndiye aliyemaliza mjadala. Alimkuta bibi yake zizini.

"Bibi, nikikataa watatutenga. Mama atachota maji wapi? Ni miaka miwili tu. Nitarudi, ng'ombe watakuwa wameongezeka."

"Wewe ni mwana mmoja, Joel. Sheria yao wenyewe inasema."

"Najua mimi ni wa nani," alisema. "Hilo halihitaji daftari."

Akaenda, na upinde wa Kisyeri begani.

Walimweka kulinda duara la Wangwe. Si la kijiji. Kijiji hakikuwa na duara. Miezi mitatu alikuwa akija Jumapili, kakonda, ana vumbi la mawe masikioni, akala na kulala na kurudi. Wana watatu wa Wangwe walilima, wakacheza mpira, wakaenda Mugumu sokoni na kurudi.

Jumamosi moja asubuhi, Mogesi na Lilian walikuwa wakianika mtama. Milio ikasikika mlimani, mitatu, kisha mingi. Hawakushtuka. Wachimbaji walipasua mwamba kwa baruti kila siku. "Leo wamewahi," Mogesi alisema, akaendelea kutandaza mtama kwa mguu.

Jua lilipopanda, mtoto wa jirani akapita mbio bila kusalimu. Halafu wanawake wawili. Halafu Mseti akaja, anaburuta mguu kuliko siku zote, na alipofika hakuketi.

"Wameshuka watu wenye bunduki," alisema. "Wale waliokuwa na panga wamekimbia. Joel alikuwa mlangoni pa duara. Hakukimbia."

Lilian akapiga ukelele mmoja, akaanguka juu ya mtama. Mogesi alibaki amesimama.

"Yuko wapi?"

Mseti akafuta uso. "Wamempeleka kwa Wangwe. Sheria yao ndivyo inavyosema. Aliyeanguka anapelekwa kwa baba yake aliyeandikwa."

Mogesi aliingia ndani. Alikaa muda, na Mseti akadhani amezimia. Alipotoka alikuwa amejifunga kitenge kizuri, amebeba ungo wa unga kichwani, kama mtu anayekwenda msibani kwa wengine.

Langoni kwa Wangwe watu walikuwa wamejaa. Vijana wa sungusungu walikuwa wameiweka machela chini, nje ya lango, na juu yake Joel amefunikwa shuka la mtu. Hawakuingia. Wangwe alikuwa amesimama katikati ya lango, mikono imeshika miti ya pande mbili.

"Mpelekeni kwao," alikuwa akisema. "Kwao ni pale. Mnapajua."

Mogesi akapita katikati ya watu. Hakuitazama machela. Alitua ungo chini mbele ya Wangwe, akapiga goti kama inavyompasa mwanamke anayehani.

"Pole sana, baba Joel," alisema. "Nimesikia umefiwa na mwanao. Nimeleta unga kidogo, jirani hakosi."

Wangwe akautazama ungo.

"Mama Mogesi, acha mchezo."

"Mchezo? Nimekosea mji? Nani amefiwa hapa?" Aligeuka akawauliza watu mmoja mmoja. "Wewe, nani amefiwa? Na wewe? Tomaso! Tomaso yuko wapi, ana daftari lake. Nisomee, mwanangu, mimi sijui kusoma. Aliyelala pale ni mwana wa nani?"

Tomaso alikuwa na daftari kwapani. Hakulifungua.

"Soma!"

"Joel Wangwe," Tomaso alisema kwa sauti ndogo.

"Umesikia, baba Joel? Fungua lango. Mwanao yuko juani."

Mwana mkubwa wa Wangwe akamvuta baba yake mkono, akasema kwa Kikurya, lakini wote walielewa: huyu akizikwa hapa, hapa ni kwake. Walijua vizuri. Kijana aliyetahiriwa akifa bila mke, baba yake humwolea, ng'ombe hutoka, na nyumba husimama kwa jina lake kando ya nyumba za ndugu zake, na watoto wa nyumba hiyo hurithi. Kaburi langoni ni nyumba langoni. Wangwe aliitaka damu ya Joel kwa miaka miwili ya zamu. Hakuitaka kwa kizazi kizima.

"Sikilizeni," Wangwe alisema, na sauti yake haikushuka taratibu tena. "Kila mtu anajua mila. Kijana huyu ni wa mji wa Kisyeri."

"Sijasikia," Mogesi alisema.

"Ni mwana wa Kisyeri."

"Sema hata walioko joshoni wasikie. Siku ile ulikuwa na sauti."

"Ni mwana wa Kisyeri! Mimi sina mwana hapa!"

Mogesi akainuka. Magoti yake yalikuwa na vumbi na hakuyapangusa. "Tomaso, andika hivyo. Futa lile, andika hili. Andika nikiona."

Tomaso akachuchumaa, akaweka daftari kwenye goti, akakata jina kwa mstari na kuandika jingine juu yake. Hapo Mseti, aliyekuwa nyuma ya watu, akazungumza bila kupaza sauti.

"Basi mji wa Kisyeri ulikuwa na mwana mmoja, na umeguswa. Na mji wa Wangwe una wana watatu, na haujatoa mtu."

Watu wote wakawageukia wana watatu wa Wangwe. Mdogo wao alirudi nyuma hatua moja. Mama yake akatoka ndani akamshika shati, na macho yake yakakutana na ya Mogesi. Hakuomba kwa mdomo. Mogesi alimwona, na akaona pia mkono wake mwenyewe, ule aliounyoosha joshoni, umesimama hewani juu ya vichwa vya watoto wa watu.

"Hilo la wanaume na sheria yao," alisema. "Mimi sitaki mtoto wa mtu. Nilinyoosha mkono siku ile, na mnajua. Leo naushusha." Kisha akamgeukia Wangwe. "Lakini wewe usikanyage kwangu. Usije kuzika, usije kuhani, usipite hata kutafuta ng'ombe aliyepotea. Na karasha lako lizime. Nalisikia kutoka hapa linasaga."

Kweli, lilikuwa linasaga. Kelele zote zile, hakuna aliyekumbuka kulizima. Kijana wa shati jekundu, yule aliyeruka juu joshoni, akaondoka mbio kuelekea mlimani, na baada ya muda likanyamaza.

Walimbeba Joel mpaka kwa Kisyeri, wakamchimbia kando ya zizi. Watu walikuja wengi, na wengi wao walikuja na wana wao, wamewatoa mlimani siku ileile wakiwa bado na pinde. Hakuna aliyesema watengwe, maana wangetenga nani na kubaki na nani. Jeshi la watu mia mbili liliisha hivyo, bila ritongo. Wana wa Wangwe hawakuonekana. Walipanda basi la Musoma asubuhi ya kesho yake, wote watatu, kabla udongo wa kaburi haujakauka, na jioni yake Wangwe aliliwasha tena karasha.

Waombolezaji walipopungua, Mogesi alimkuta Lilian amekaa zizini, katikati ya wale ng'ombe kumi. Akakaa karibu naye. Alikuwa na maneno ya kusema juu ya cheti kile, alikuwa ameyatafuta siku tatu.

"Nilikwambia tungoje," Lilian alisema, kabla hajaanza.

"Ulinambia."

Lilian akanyanyuka, akafungua lango la zizi, akawatoa ng'ombe kwenda malishoni. Hapakuwa na mwingine wa kuwachunga.